Hadithi za Shangazi Zilizokwenda Kamatini

Hasira yangu na ile kamati haijapoa hadi leo.

Miaka michache baada ya vita, kamati ya vitabu ya nchi mbili, yetu na Rhodesia ya Kaskazini, ilitaka kuchapa hadithi za Kinamwanga, lugha yetu ya pande zote mbili za mpaka, kwa fedha za chama kimoja cha Ulaya. Nilikuwa mwalimu karibu na Tunduma, nikaambiwa nitafute msimulizi. Sikwenda mbali. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na hadithi ambazo hakuna mwingine aliyezijua.

Kiangazi chote alisimulia huku akipukuchua mahindi, nami naandika. Kwetu anayesikiliza huitikia kila msimulizi anapotua. Mimi nilihangaika na kalamu.

"Mbona huitikii, mwanangu?"

"Naandika, shangazi."

"Haya, andika."

Madaftari manne nikayapeleka ofisi ya kamati, ng'ambo ya mpaka, bila kubaki na nakala. Ujinga wangu huo. Tangu siku hiyo shangazi hakusimulia tena. Watoto wakimjia, aliwafukuza kwa fahari: "Hadithi zangu zimeshaingia kitabuni. Subirini msome."

Tukasubiri. Chama cha Ulaya kikapunguza fedha. Wajumbe wa ng'ambo wakasema Wanamwanga walio wengi ni wao, kitabu kichapwe kwao; wa kwetu wakasema msimulizi ni wetu, hawatoi idhini. Kisha ukaja ugomvi wa Shirikisho, wazungu wa kule walipotaka kuunganisha nchi zao, na vikao vikafa kabisa.

Nikaenda kuomba madaftari yangu. Karani akasema hayatoki mpaka pande zote mbili zitie sahihi. Nilimtukana, nikatolewa nje.

Nilimweleza shangazi ukweli wote. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Alasiri ile ile akawaita watoto, akaanza ile ya dada wawili na kisima. Watoto waliitikia vizuri kweli. Katikati akakwama. Ilikuwa miaka mingi hajaigusa, na uzee ulikuwa umeshamwingia. Akanigeukia.

"Mwalimu, wewe si uliandika? Yule mdogo alipofika kisimani, alimwambia nini mlinzi wa kisima?"

Watoto wote wakanitazama. Niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mwandiko safi, bila kuruka neno. Sikukumbuka hata moja.