Ufunguo Niliopeleka Lutindi

Niliondoka kijijini Jumatatu alfajiri kwa sababu nilikuwa nimeichoka kazi ya Mungu. Naisema wazi, maana kwetu Dindira watu hudhani mwinjilisti hachoki. Miaka mitatu nilikuwa nimehubiri katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Handeni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kabuku, na washarika wangu walikuwa wamebaki mmoja. Wengine walihamishiwa kijiji kingine nyumba zilipopangwa kwa mistari, wawili wakaacha tu kuja, kisha Jumapili asubuhi ikafanywa siku ya shamba la kijiji. Nikigonga kile chuma chetu cha kengele, anayekuja ni Bibi Marita na fimbo yake. Anakaa benchi la mbele kana kwamba nyuma yake pamejaa.

Mwezi huo hata yeye hakuja. Alikuwa mgonjwa, hainuki. Bibi Marita alikuwa Mzigua aliyebatizwa uzeeni, ndugu zake wote Waislamu, na kwangu aliomba kitu kimoja tu, Meza ya Bwana. Mwinjilisti haruhusiwi kutoa mkate na kikombe, ni mpaka mchungaji, na mchungaji wetu wa Lutindi alikuwa hajafika masika mbili. Nikamwambia Bibi nakwenda kumleta. Uongo mtupu. Mfukoni nilikuwa na ufunguo wa kanisa, nikaurudishe na kuomba kuachishwa kazi. Sikuwa na nia ya kurudi.

Alinishika mkono akasema, "Nenda mwanangu. Nitakungoja."

Mama Mwajuma, jirani yake aliyekuwa akimnywesha uji, alinisindikiza hadi mwisho wa mihogo akaniuliza nitarudi lini. Nikajibu Jumatano jioni. Sijui kwa nini nilitaja siku.

Kabuku, saa tatu asubuhi. Nilipata lori lililobeba mkonge, nikapanda juu ya mizigo pamoja na utingo. Alipojua mimi ni mwinjilisti akataka niombee safari, kwa kuwa breki zilikuwa za kubahatisha. Niliomba kwa maneno mazuri niliyoyazoea. Utingo akaitikia amina ya nguvu. Mimi midomo ilikuwa mizito, wala sikuitikia.

Tuliingia Korogwe jioni, baada ya kukaa Segera mchana kutwa tukitengeneza gurudumu. Nililala kwa fundi cherehani mmoja, Msambaa mwenzangu. Wakati wa kula aliniuliza kazi ya Bwana inaendaje huko nyikani. Nikasema inakwenda vizuri, watu wanaongezeka. Mkewe akafurahi, akaniongezea mboga.

Jumanne asubuhi ningeweza kupanda moja kwa moja hadi Lutindi, na adhuhuri ningekuwa mbele ya mchungaji. Nikapanda gari la chai kwenda Dindira, kwa dada yangu Elizabeti. Nilijiambia nakwenda kumsalimu tu. Lakini kwetu kuna baridi nzuri, na maharage yenye ndizi, na ukungu unaomfunika mtu hadi saa nne asijue anakotakiwa. Nilikaa siku tatu nzima. Nililala kama gogo. Ukweli ni kwamba niliogopa kumtazama mchungaji usoni, na kila asubuhi nilisema kesho.

Jumatano jioni Elizabeti alikuwa akipepeta mchele. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Kaka, huko ulikotoka hakuna anayekungoja?"

"Hakuna," nikasema.

Ijumaa nilifika Lutindi. Mchungaji alikuwa bustanini, mzee, miguu imevimba. Nilimwamkia shikamoo, nikamwekea ufunguo mkononi, nikamweleza yote kwa mfululizo, pamoja na kwamba siku hizi nikiomba nasikia sauti yangu tu. Nilitegemea anikemee au anipe andiko. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza nimeacha wangapi. Nikasema mmoja, mgonjwa, anaitaka Meza.

"Anajua umekuja huku?"

"Anajua nimekuja kukuita."

"Basi umeniita," akasema, akanirudishia ufunguo. "Huu utanipa tukishamhudumia yeye."

Jumamosi tuliteremka, yeye na fimbo, mimi na mkoba wa vyombo vya Meza. Njiani alipumzika mara nyingi. Tulilala Korogwe. Jumapili tuliondoka kabla hakujapambazuka, na kutoka Kabuku tukatembea jua likiwa kali. Ajabu ni kwamba nilikuwa na haraka. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilitaka kuiona nyumba ya Bibi Marita.

Kijijini tulifika watu wakirudi kutoka shamba la kijiji, majembe begani. Mlango wa Bibi Marita ulikuwa umefungwa kwa kamba, na Mama Mwajuma alikuwa amekaa kizingitini. Alimpa mchungaji shikamoo, akaomba maji yaletwe, na tulipokwisha kunywa ndipo akasema.

Bibi alikata roho Alhamisi alfajiri. Jumatano yote alitaka ageuzwe atazame njia.

"Kwetu maiti hailali, Mwinjilisti, unajua," akasema. "Wazee waligomba. Lakini mwenyewe aliniusia asizikwe mpaka umlete mchungaji. Nikawaambia huyu hajatudanganya hata siku moja, kama amechelewa yuko njiani. Tukamweka Alhamisi yote, na Ijumaa mpaka alasiri. Kwa joto hili. Basi tena, hatukuweza."

Kaburi walilichimba nyuma ya kanisa, wakaacha nafasi kichwani kwa ajili ya msalaba, kwani hawakujua unavyowekwa. Mchungaji alisoma ibada. Watu wa kijiji walisimama, Waislamu watupu, hadi mwisho. Mimi nilishika mkoba wa vyombo ambao haukufunguliwa.

Baadaye mchungaji alininyooshea kiganja. "Sasa nipe ufunguo. Upo huru."

Niliutoa mfukoni, mkono ukagoma kuuachia. Wasomaji wa nyumbani wangependa niseme Roho alinishukia. Hapana. Ilikuwa aibu tu. Mchungaji alingoja kidogo, akaushusha mkono wake, na kesho yake akarudi Lutindi peke yake.

Nilichojifunza ni kidogo na ni kichungu: nilimtafuta Mungu katika moyo wangu mkavu, na muda wote huo kikongwe mmoja alikuwa akimngojea katika neno langu. Sasa kila Jumapili nafungua mlango, nagonga chuma, nasoma zaburi mbele ya mabenchi matupu. Moyo haujabadilika. Mama Mwajuma hupita akienda shambani, hunisalimu vizuri, na mpaka leo hajaniuliza nilichelewa wapi.