Noti ya Mama na Mlio wa Spika

Mwaitu, yaani mama yangu, ndiye huanzisha nyimbo kanisani kwetu hapa Tawa, na tangu nimjue hajawahi kumsubiri mpiga kinanda. Husimama, akafumba macho, akaanza pale wimbo unapomshukia. Kinanda kitamtafuta chenyewe. Ndivyo tunavyoimba huku. Mpiga kinanda akilalamika, anaambiwa afanye mazoezi.

Shida ilikuja na spika mpya. Kila mara mama alipofikia ile sauti yake ya juu na kuivuta, spika zililia wiii, hadi watoto wakaziba masikio. Jumapili tatu mfululizo. Ya tatu, mwalimu wa kwaya alimfuata nje akamwambia kwa heshima zote, "Mama, sauti yako imekuwa kali kwa hivi vyombo. Ibada ya shukrani ya mavuno labda tumpe mmoja wa hawa wasichana aanzishe, wewe upumzike kidogo." Mama akasema sawa. Mimi niliyeishi naye tangu nizaliwe nilijua si sawa hata kidogo. Tulipofika nyumbani alipika chai akasahau kutia majani, akanywa hivyo hivyo.

Nilikasirika vibaya. Nina hasira za karibu, sikatai, lakini pia nafundisha elektroniki katika chuo cha ufundi, na kuambiwa kwamba mama yangu ndiye mwenye kasoro na mashine haina, hapo nilikuwa nimeguswa pabaya. Nikamwomba mwalimu wa kwaya anipe Jumamosi moja ya mazoezi. Akakubali: mlio ukiisha, mama ataanzisha, usipoisha, ni wasichana.

Jumamosi hiyo nilirekodi mazoezi ya asubuhi kwa simu, nikahamishia kwenye kompyuta. Kompyuta haisikii wimbo kama sisi. Inaipima sauti mara maelfu kwa kila sekunde, na inachobaki nacho ni orodha ndefu ya namba. Halafu programu inachukua kipande cha hizo namba na kukwambia ndani yake mna mitetemo ya kasi hii kiasi gani, na ya kasi ile kiasi gani. Unapata grafu yenye vilima. Kazi hiyo naifundisha, kwa hivyo niliifanya kwa madaha, watu wakiniangalia.

Nilikata vipande vifupi, kila kimoja sehemu ya ishirini ya sekunde, nikaona kilima kimoja kipana. Nikasema huyu ndiye mwizi. Nikaenda kwenye mtambo wa sauti, nikapunguza eneo lote lile, na kweli mlio ukaisha. Mama akaanza kuimba. Sauti ikatoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya tangi la maji. Akaacha katikati ya ubeti.

"Mwalimu wa waya," akaniambia, "umefukuza mlio, na mimi umenifukuza nao."

Wasichana wa kwaya wakacheka. Mwalimu wao alitazama saa. Niliona haya mpaka shingoni.

Nikaenda kukaa benchi ya nyuma na kompyuta yangu. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo huwaandikia wanafunzi ubaoni kila muhula, na kuwafokea wakilisahau: kipande kifupi hakiwezi kutenganisha mitetemo miwili iliyokaribiana. Lazima usikilize kwa muda mrefu zaidi. Mwalimu mzima, jamani. Nikarudi kwenye rekodi, nikatafuta mahali mama alipovuta sauti na spika zikalia, nikachukua sekunde nzima.

Kilima kikagawanyika vikawa viwili. Cha mama kilikuwa mitetemo mia nne thelathini na moja kwa sekunde, katikati ya vibao viwili vya kinanda, ndiyo maana yule kijana wa kinanda huwa hampati. Cha pili kilikuwa mia nne arobaini na tatu, chembamba kama sindano. Hicho kilikuwa cha jengo: spika, kuta na mabati vikirudishia maikrofoni sauti ileile. Mwalimu wa kwaya hakukosea kabisa, kwa sababu noti ya mama ndiyo iliyokuwa ikiuamsha huo mlio, kwa ujirani tu. Nikarudishia kila kitu nilichokuwa nimepunguza, nikaondoa ile sindano peke yake. Nilimwomba mama aimbe tena. Safari hii alimaliza beti zote, akauliza kama anaweza kwenda kufungulia mbuzi.

Siku ya shukrani kanisa lilijaa mpaka nje, na madhabahu ilijaa maboga na magunia ya pojo. Mwalimu wa kwaya alimpa mama maikrofoni kwa mikono miwili. Alianza anapoanza siku zote. Alipofika ile noti ya juu nilishika vitufe vya mtambo kwa woga, lakini spika hazikulia, ikabaki sauti yake tupu. Akaivuta. Akazidi kuivuta, amefumbua macho sasa, anamtazama mwalimu wa kwaya, mpaka kwaya nzima ikasahau kuitikia.