Mama Chloé na Neno Nguvu

Jeannine alishona nguo za nusu ya wanawake wa kanisa letu, katika chumba cha mbele cha nyumba kuukuu ya mtaa wa Bellevue. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, Kongo, na ulimi wake haukuwa na breki. Mimi Mama Sidney, Mkenya, alinicheka kila nilipofungua mdomo, eti Kiswahili changu ni cha kuhubiria tu. Kiingereza hakikumkaa kichwani, kwa hiyo kila ofisi alikwenda na binti yake Chloé, aliyezaliwa hapa Johannesburg na anayekisikia Kiswahili vizuri kuliko anavyokisema.

Chloé ndiye aliyempeleka mama yake kupigwa picha ya matiti. Mfanyakazi wa kliniki aliwaeleza wamesimama mlangoni, foleni ikisukuma nyuma yao: nyama ya matiti imeshikana mno, picha haipenyi vizuri, hakikuonekana kitu, aombe kupimwa kwa altrasaundi. Chloé akatafuta maneno, akapata haya:

"Maziwa yako iko nguvu, Mama. Habakuona kitu. Ukitaka, unaweza omba kipimo ingine."

Kwa Wakongo maziwa ni matiti, na nguvu ni ugumu, na pia ni uzima. Chloé alimaanisha ugumu. Mama yake alisikia sifa.

"Ingine ya nini? Ile mashini imenikamua ya kutosha!"

Jumapili alitutangazia nje ya kanisa, kifua mbele. "Na uzee huu, maziwa iko nguvu! Nyinyi ba Kenya mutaweza?" Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Mwaka uliofuata uvimbe ulijitokeza wenyewe kwapani. Chloé alikuwa na mtihani chuoni, nikaenda mimi hospitalini kutafsiri. Daktari alifungua picha ya zamani, akaeleza polepole. Nyama iliyoshikana hutoka nyeupe kwenye picha, na saratani nayo hutoka nyeupe. Matiti ya namna hiyo si ugonjwa, wanawake wengi wanayo, ila mwenyewe lazima aambiwe mpaka aelewe. Sasa saratani ilikuwa imefika kwenye ini. Nilimtafsiria yote.

"Uzi mweupe juu ya kitambaa mweupe," akasema Jeannine. Akanishika mkono. "Mama Sidney, Chloé asijue kama ile neno yake, nguvu, ndiyo ilinipoteza."

Nilikasirika, na mpaka leo nimekasirika. Si kwa yule binti. Ni kwa watu wanaomtupia mtu habari ya uhai wake mlangoni, halafu wanaita jina linalofuata. Lakini nilimwahidi.

Nilikuwapo Chloé aliporudi kutoka chuoni na kuuliza, "Mama, si nilikuambia uombe ile kipimo?"

"Uliniambia muzuri kabisa, mwanangu. Nilisikia. Niliogopa tu."

Tulimzika Juni, katika baridi kavu ya huku. Chloé hakutoa chozi. Watu walipokuwa wakinywa chai alinivuta pembeni.

"Auntie, mimi nilimwambia. Alisikia, akakataa. Mimi siwezi kumsamehe."

Moyo uliniuma vibaya. Nilitaka kumwambia kwamba mama yake asingekataa chochote cha kumbakiza naye, kama angekielewa. Nikamkumbatia.

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. "Mama yako alikuwa mbishi sana."