Mbwa wa Papa Asiyebweka

Kwetu Mangobo, ukitaka kuharibu Jumapili ya watu, uliza tu ni mbwa wa aina gani anayefaa kuwinda. Mimi sikuuliza. Aliyeanza ni papa, na kazi ya kumaliza akaniachia mimi, kwa sababu kati ya watoto wake ni mimi peke yangu niliyebaki karibu, halafu eti walimu tuna likizo nyingi mno.

Papa alifanya kazi ya ofisi maisha yake yote, akigonga mihuri kwenye karatasi za serikali. Alipostaafu aliurudia uwindaji aliofundishwa na babu. Mara mbili kwa wiki alivuka mto kwa mtumbwi mpaka Lubunga, akafuata njia ya Opala kidogo, akaingia kwenye mashamba ya zamani yaliyogeuka pori, mahali ambapo simbiliki wanatafuna mihogo ya watu. Simbiliki ni panya, sikatai, lakini ni panya mwenye mwili kama paka aliyeshiba, na ukimpika kwa mawese utamsahau mgeni mlangoni. Papa alikwenda na mkuki, panga na mbwa wa kuazima. Bunduki hakuitaka kabisa. Alisema ni kelele ya watu wasiojua kutembea.

Basi siku moja alipotea. Aliondoka asubuhi, na saa kumi jioni mchoma makaa mmoja akamvusha mto na kumleta kwa moto, yaani pikipiki, suruali imeraruka, uso umevimba kwa hasira. Alikuwa ametokea kwenye barabara nyingine kabisa, mbali na ile aliyoingilia. Mama hakulia wala hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Alichukua mkuki, akaufungia chumbani, akasema habari ya pori imekwisha. Papa naye akajibu kwamba si yeye aliyepotea, ni mbwa. Mbwa wa jirani, mla takataka, alimtoroka. Apewe mbwa wa kweli, halafu tuone.

Walibishana siku tatu. Mwishowe mama akakubali jambo moja: mbwa mmoja mzuri, safari moja, na mimi niende pamoja na papa nikaangalie kwa macho yangu. Nikirudi na habari mbaya, mkuki atapewa mtu mwingine, na papa atabaki nyumbani. Nilimjua papa. Ukimnyima pori atakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka kiti kichoke. Nilimwonea huruma, na nilikasirika kwa sababu mzigo wote ulikuwa umetua kichwani kwangu.

Wa kwanza kuleta mbwa alikuwa tonton, mdogo wake mama, anayeuza samaki wa kukaushwa sokoni na kujua kila kitu duniani. Papa alikuwa amesema anataka mbwa wa kienyeji, yule mwekundu wa msituni, masikio wima, paji la uso lenye mikunjo, mkia uliojiviringa juu ya mgongo. Mbwa huyo habweki. Akifurahi sana anatoa sauti kama mtu anayesukutua koo, basi. Tonton akasema hayo ni mambo ya zamani. Mwindaji wa leo anahitaji mbwa anayetangaza. Akaenda, akarudi na berger, mbwa mkubwa wa Kizungu wa kulinda.

Mungu wangu, berger. Manyoya mengi, ulimi nje mchana kutwa, na sauti ya kuvunja vioo. Alibwekea pikipiki, alibwekea kuku, alimbwekea muuza mikate mpaka akabadilisha njia. Siku ya tatu majirani walikuja wanne pamoja, wamevaa vizuri kama watu wa posa, wakatuomba kwa heshima tumnyamazishe. Papa alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwa mbwa huyo, ambaye wakati huo huo alikuwa anawabwekea wageni. Akamtazama mnyama, akatikisa kichwa.

"Bon, mbwa iko na mwili," akasema, "lakini hii mbwa haiseme kitu."

Tulicheka mpaka machozi. Majirani wenyewe walicheka, wakasahau mashitaka yao. Tonton alinuna, akaona anadharauliwa. Mimi niliibeba stori ile mpaka shuleni, nikawasimulia walimu wenzangu jinsi papa wangu anavyojua kuchoma watu kwa maneno bila kutabasamu.

Safari ya berger iliishia ufukweni. Alipouona mtumbwi aliketi chini. Tulimsukuma watu watatu, tonton akimwombea kwa Kifaransa. Alipokubali kuingia, aliingia kwa kuruka, mtumbwi ukalala upande, kofia ya papa ikaenda na maji kuelekea Isangi. Tonton alimrudisha mbwa kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, akasema mto ulikuwa mbaya. Mto ulikuwa umetulia kama maji ya beseni.

Ndipo tukamtafuta mbwa wa papa. Mimi na tonton tuliteremka kwa boti mpaka upande wa Yanonge, kwa mama mmoja mzee aliyekuwa na mbwa watatu wa aina ile, wote wanajua kazi. Tonton aliwafungua midomo, akahesabu meno, akawapuliza masikioni, akawapima mbavu kwa vidole kama mtu anayenunua gitaa. Alimtaka dume mkubwa. Nilimwuliza amewahi kuwinda nini maishani mwake zaidi ya wateja. Mimi nilimchagua jike, na sababu yangu, niseme ukweli, ilikuwa ya kijinga: miguu yake minne ilikuwa myeupe, kama soksi alizokuwa akivaa papa kwenda ofisini. Nilimpenda kwa soksi. Mama mzee aliona tunavyogombana, akanipa kamba ya jike.

Papa alipomwona alipiga makofi. Akaingia chini ya kitanda, akatoka na kengele ya mbao aliyochonga babu. Kwa mbwa asiyebweka kengele ndiyo mdomo wake: anaivaa shingoni, vijiti viwili vinagonga ndani, na mwindaji anayefuata nyuma anajua mbwa yuko wapi, anakimbia au amesimama. Ila njiani kengele inazibwa kwa majani, isije ikawaonya wanyama kabla ya wakati. Ukifika mahali pa kazi unayatoa, unamwachia mbwa.

Asubuhi ya safari mama alinikabidhi mkuki mimi, si papa. Tulivuka, na jike wetu alikaa ndani ya mtumbwi kama abiria aliyelipa. Ng'ambo papa aliijaza kengele majani mabichi, akayashindilia kwa dole gumba. Tukatembea. Tulipofika penye vichaka alinyanyua mkono ninyamaze, akainama, akamnong'oneza mbwa, akamfungua kamba. Mbwa akazama kwenye majani marefu.

Papa alitangulia, kichwa amekiinamisha upande.

"Unasikia?" akaniuliza. "Iko kule, kwa migomba."

Sikusikia kitu. Nilisikia wadudu, na mbali kidogo mtu anapasua kuni. Nikafikiri ndiyo masikio ya mtu wa mjini, yameharibiwa na pikipiki na baa za mtaa wetu. Nikaitika. Baada ya hatua kadhaa akasema sasa amepinda kushoto. Nilitega masikio mpaka shingo ikauma. Kimya. Niliona haya kumwambia, mimi mtoto wa mwindaji.

Halafu mbwa akatoka kwenye majani, akapita mbele yangu kabisa. Kengele ilikuwa imejaa majani, mabichi vile vile, yameshindiliwa. Papa alisahau kuyatoa. Kengele haikuwa imelia hata mara moja.

Nilisema, "Papa," kwa sauti ya kawaida. Alikuwa hatua tano mbele, mgongo wake kwangu. Hakugeuka. Nikaita kwa nguvu. Nikapiga kelele mpaka ndege wakaruka, na papa akaendelea kutembea, kichwa upande, akisikiliza. Hapo ndipo berger alinirudia akilini, na siku papa alipopotea, na kicheko changu mbele ya walimu wote wale. Nilimkasirikia kwa kutudanganya, nikajikasirikia zaidi kwa kutoona.

Mbwa hakujua habari ya hasira zangu. Alimzunguka papa, akasimama mbele yake, akamtazama usoni kwa lile paji lake la mikunjo, kisha akaenda. Papa akamfuata. Alipomkosa kwenye majani alisimama, hajui aende wapi, na mbwa akarudi, akamgusa goti kwa pua, akaenda tena. Nilihesabu mara saba, halafu nikaacha kuhesabu. Tulikwenda hivyo hivyo mpaka kwenye kichuguu, mbwa akaganda, mguu mmoja juu. Nilimpa papa mkuki. Mkono wake haukuwa umezeeka hata kidogo, na simbiliki yule hakuteseka.

Papa akachutama kumpongeza mbwa, akamkuna shingo, vidole vikagusa majani. Vikasimama. Kisha akaanza kuyatoa, moja moja, akiyaweka chini. Nilizunguka nikachutama mbele yake ili anione.

"Ni mwaka wa pili sasa," akasema. "Nilisema itapita."

Nilimshika mkono.

"Usimwambie mama yako," akasema. "Akinikatalia huku, kule nyumbani nitafanya nini? Nitakaa naangalia midomo ya watu."

Njia nzima nilipanga uongo. Mimi ni mwalimu, najua uongo wa kila namna, wanafunzi wamenifundisha. Nitasema kengele inalia vizuri, papa anaifuata kama zamani, mbwa ni wa ajabu. Uongo mfupi, usiokuwa na kona. Hata hivyo nilikuwa naogopa: je, siku akipotea tena, nitawaambia nini watu?

Mama alikuwa jikoni anakoroga pondu ya majani ya mihogo. Papa alibaki uani na mbwa. Nikaanza na kengele, nikaisifu mpaka nikajishangaa. Mama alifunika sufuria.

"Sikukuuliza kengele," akasema. "Ile mbwa inarudiaka kumutafuta?"

Nikauacha uongo wa kengele.

"Inarudi," nikasema. "Kila mara. Akisimama, inakuja mpaka mbele yake."

"Basi aende," mama akasema. Alinipokonya mkuki mkononi, na badala ya kuupeleka chumbani akausimamisha ukutani karibu na mlango.

Chakula kilikuwa tayari. Papa alikuwa uani ametupa mgongo, anamsafisha mbwa zile soksi zake kwa kitambaa. Mama hakumwita. Alitembea mpaka akamzunguka, akasimama mbele yake, akangoja ainue macho, ndipo akamwambia aje kula. Alifanya hivyo bila haraka, kama mtu aliyekwisha zoea.