Mkono wa Elmina

Elmina Bochaberi alinyoosha mkono kusimamisha kila basi lililopita mbele ya nyumba yake, hata siku ambazo hakuwa na safari. Angekuwa anachambua mboga. Angeweka ungo chini, anyooshe mkono, basi limpite, kisha arudie mboga zake. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua, alinijibu, "Mwalimu, nikiacha watadhani nimezoea."

Aliishi kwenye kona ya mlima kati ya Sigowet na Kericho, karibu na shule niliyofundisha mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha chai hadi kifo chake. Kampuni ilimpa mjane pole nyingi na siku chache za kuhama. Akanunua kishamba pale kwenye kona, akapanda migomba, akawa anauza ndizi soko la Kericho. Kisha goti likamharibikia. Kuteremka na mzigo hadi njia panda, mahali ambapo basi lilikuwa radhi kusimama, kukawa mateso.

"Huu ni mlima, Mama Ndizi!" Kipkosgei, dereva wa basi la Soin, alimpigia kelele kila asubuhi. "Nikisimama hapa tutarudi Soin kinyumenyume!"

Ndizi zikaanza kuozea nyumbani. Nduguye Nyamweya akaja kutoka Kisii kumhurumia.

"Dada, mahali ambapo hata basi halikutaki, unang'ang'ania nini?"

"Basi halinitaki. Shamba linanitaka."

"Basi nitarudi na lori mwisho wa mwezi. Kama bado hufiki sokoni, tunapakia vitu."

Kwa Nyamweya, Elmina angepewa chumba nyuma ya jiko na watoto wa watu wa kulea. Wenyewe waliita hiyo kupumzika.

Kaunsili nayo haikulala. Ilitujengea kibanda cha abiria pale pale kwenye kona: mabati mapya, benchi, na jina la diwani kwa rangi nyekundu. Hatukukosa kitu isipokuwa basi.

Siku ya kukifungua ilikuwa ndiyo siku ya lori la Nyamweya. Kitanda cha Elmina kilikuwa tayari nje, yeye ameketi juu ya jiwe lake la kuchambulia mboga, akisikiliza hotuba kuhusu maendeleo. Diwani alikuwa ameegesha gari lake katikati ya barabara, lisije likakosa kuonekana. Basi la Soin likapanda mlima, likapiga honi, likakosa pa kupita. Likasimama.

"Tunarudi! Tunarudi!" abiria walipiga mayowe.

Elmina akainuka, akalisukuma jiwe lake nyuma ya tairi. Basi likatulia kama ng'ombe aliyefungwa. Akajitwika mkungu wake wa ndizi, akapanda.

"Shuka, Mama Ndizi!" Kipkosgei alifoka. "Sijasimama, nimezuiwa!"

"Na mimi sijapanda, kijana. Nimeingia kujikinga mvua," alijibu, jua likiwaka.

Abiria waliangua kicheko. Kondakta akamkatia tikiti. Gari la diwani lilipoondolewa, basi likashika mlima bila kurudi nyuma hata kidogo. Diwani alipiga makofi, akidhani ni sehemu ya sherehe. Nyamweya alitazama kitanda, akatazama barabara, kisha akakirudisha kitanda ndani mwenyewe.

Kesho yake Kipkosgei alijaribu kupita. Abiria wakamkatalia: jana si lilisimama? Tangu hapo jiwe lilikaa kando ya kibanda, na Elmina akafika sokoni hata kwa goti moja. Mkono hakuacha kuunyoosha, tena juu kuliko zamani.

Nilipohamishiwa Bomet alinisindikiza hadi barabarani. Hatukuonana tena, alifariki kabla sijapata likizo ya kumtembelea, nami likizo nilikuwa nazo nyingi. Asubuhi ile ya kuagana alinyoosha mkono, basi likasimama mara moja, kwa adabu zote. Elmina alilitazama kwa mashaka, akanisukuma mgongoni.

"Panda haraka, mwalimu, kabla hawajakumbuka."