Uso wa Pili Ukutani

Mama Rangi hakuitafuta siasa. Siasa ndiyo iliyomfuata mpaka ukutani kwake. Nyumba yake ilikuwa kwenye kona, na ukuta wa mbele ulionekana na kila aendaye sokoni. Yeye alikuwa fundi wa mabango: saluni, maduka ya dawa, gereji, yote aliyachora yeye. Chama cha upinzani kilipomwomba ukuta, akawachorea kiongozi wao, na masharubu yake yote. Wafuasi wa Rais wakaumwagia oili chafu. Akakwangua, akachora upya. Wakamwaga tena, akachora tena. Mtaa mzima ulisema yule mama ana kichwa kigumu, na yeye hakuona kama ametukanwa.

Aliyekuwa akimshikia ngazi ni mwanawe wa kwanza, ambaye kwa domo lake walimwita Chiriku. Alikamatwa kwenye maandamano ya chama, na tangu hapo yuko mahabusu, kesi inapigwa danadana tu.

Sasa, ghafla bin vuu, Rais na kiongozi wa upinzani wakaonekana kwenye televisheni wakipeana mikono na kuchekeana kama watu waliooleana. Kiongozi akapewa wizara. Chama kikapasuka: hawa wakasema huo ndio ukomavu, wale wakasema wameuzwa mchana kweupe.

Kaka yake Mama Rangi, mwenyekiti wa tawi la mtaa, akaja na makopo ya rangi.

"Dada, tunataka Rais akae pembeni ya kiongozi wetu. Watu waone yamekwisha."

"Yamekwisha kwa nani? Mpwa wako katoka?"

"Hayo yatazungumzwa. Ukichora, nitapata pa kuanzia kumsemea. Usipochora, nitaonekana nimeshindwa hata na dada yangu."

Mumewe, aliyekuwa mlangoni akimenya viazi, akadakia, "Mama Chiriku, chora. Ni rangi tu. Mtoto akirudi tutaifuta."

Maneno hayo yalimchoma kuliko oili chafu yote ile. Hasira alikuwa ameizoea. Kilichomkera ni hofu. Je, kama kweli rangi ingemrudisha mtoto?

"Kaka, huko juu walipokaa kupatana, kuna aliyemtaja mwanangu? Au hata mmoja wa wale vijana?"

Kaka akajikuna shingo. "Walianza na mambo makubwa."

"Haya. Acha makopo yako, nenda."

Akaondoka akitabasamu, maana mtu akitaka kusikia ndiyo, huisikia popote.

Asubuhi Mama Rangi akavuta kamba, akapiga miraba ya chaki, akaanza na masikio kama kawaida yake. Macho huyaacha mwisho. Wafuasi wa Rais wakapita wakipiga makofi: "Leo mama kanyooka!" Wenzake wa zamani wakasonya. Yeye akapanda kipandio kingine cha ngazi.

"Mbona Rais leo ana masikio makubwa hivyo?" akatania mmoja. Kidevu kikafuata, hakina ndevu za Rais. Vicheko vikaanza kupungua.

Kaka akafika mbio, jasho linamtiririka. "Dada! Huyu ni nani?"

"Humjui mpwa wako? Mmesahau kumtaja, mimi namtaja. Kila atakayepita hapa kushangilia, apite mbele ya macho yake."

"Unamponza mtoto! Na tawini watakufukuza!"

"Wanifukuze. Ukuta ni wangu, na mtoto ni wangu. Ukitaka kumfuta, waulize rafiki zako wapya wanakopata oili chafu."

Kaka akamgeukia mume. "Shemeji, mwambie mkeo ashuke!"

Mume alikuwa amesimama na kikombe cha chai, ameutazama ukuta tangu masikio yalipotokea. Akaweka kikombe chini, akaenda akaishika ngazi kwa mikono yote miwili.

"Kovu lake liko kwenye nyusi ya kushoto," akamwambia mkewe. "Rekebisha, nimeshika."