Aliyeanguka Hapigwi

MJOMBA AMEFAGIA BUCHA LAKE MWENYEWE! Kwa mkono wake, mchana kweupe, wateja wamesimama foleni wanamkodolea macho! Jamani, kama hukuwepo umekosa. Kaa hapa usimuliwe, maana mambo yalianza kwa hukumu yakaishia kwenye ufagio.

Huyu muuza nyama mtaa mzima unamwita Mjomba, ingawa mjomba wa kweli ni wa mtu mmoja tu: Refa. Refa alibaki kwake tangu mama yake alipoolewa mbali. Akakulia kati ya mashoka na ndoano za nyama, na mpaka leo hawezi kumtazama kuku akichinjwa. Kuku akilia tu nyuma ya nyumba, Refa anaziba masikio na kuanza kuimba. Siku ya kwanza Mjomba alipomshikisha kisu ajifunze kazi, alizimia juu ya maini.

"Huyu hafai hata kukata kitunguu," Mjomba akasema, akampa kile chumba cha nyuma ya bucha afanye lake.

Lake likawa gemu. Skrini mbili, makochi yaliyotoboka, feni inayolia kama mtu mwenye pumu, na pedi za kuchezea zilizozungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Mle ndani vijana wa mtaa wanarushiana mabomu, wanadondoshana maghorofani, halafu wanatoka nje wakigawana karanga. Na yeye mwenyewe, huyo aliyezimia kwa maini, kwenye skrini ameshamaliza majeshi!

Jina la Refa lilitokana na sheria yake moja. Ukimwangusha mwenzako kwenye gemu, unaweka pedi mapajani mpaka ainuke. Ukimpiga akiwa chini, filimbi inalia, chumba kizima kinapaza sauti, "Aliyeanguka hapigwi!" na wewe unakwenda kufagia bucha. Na kufagia bucha si kufagia sebule. Kuna vipande vya mifupa, kuna mafuta yanayong'ang'ania kandambili, na kuna paka anayekutazama kwa dharau.

"Lakini Refa, gemu yenyewe inaruhusu!" wageni hulalamika.

"Gemu inaruhusu, mimi siruhusu. Ufagio ule pale."

Basi, siku moja Kibiriti, binti wa fundi cherehani, akamtwanga mwenzake ngumi ya pua darasani. Mtaa ukawaka moto. Mama wa duka la dawa akasambaza kwenye simu za watu sauti ya bwana mmoja asiyejulikana, akisema eti gemu zinakausha ubongo wa mtoto kama samaki juani. Hakuna aliyeuliza bwana huyo ni nani. Hakuna aliyemuuliza Kibiriti pia. Naye Fundi, kwa jinsi alivyochukizwa na ukatili, akamchapa binti yake kwa rula ya mbao ya kupimia vitambaa mpaka rula ikapasuka, ili mtoto aelewe kwamba kupiga watu ni vibaya.

Hapo Mjomba akapata sababu. "Chumba nakifunga. Na nilikuwa nahitaji pa kuweka friji."

"Mjomba, ni friji au ni ukatili? Sema moja."

"Vyote viwili!"

"Basi njooni muone kwanza. Mtu hahukumiwi kwa sauti ya kwenye simu."

Refa alijikaza kusema, maana alijua kinachomngoja. Chumba kikifungwa, kazi iliyobaki ni ileile ya kisu na maini. Mtaani hapakuwa na mwingine wa kumpa hata kona.

Wakaja watatu: Mjomba, Fundi na mama wa duka la dawa. Mjomba, aliyekuja kukemea damu, alikuwa amevaa aproni yenye damu kuanzia kifuani mpaka magotini.

"Nyie, humu mnajifunza nini?" mama wa duka la dawa akawauliza vijana waliokaa kwenye makochi.

"Kumngoja mtu ainuke," Kibiriti akajibu. Alama ya rula ilikuwa bado mkononi.

"Na kuua je?"

"Kuua tunaua, mama. Ila wanarudi. Huyu hapa nimemuua tangu asubuhi, na bado ananitukana."

Huyo aliyeuawa akainua mkono kusalimia.

Dada mmoja mrefu, anayesuka nywele jirani, akasema yeye anaona zipo gemu mbaya kweli. "Kuna moja ya kumtesa mtu aliyefungwa kamba. Niliiota wiki nzima, nikamwambia Refa, akaifuta. Lakini hata taarifa ya habari niliiota, mbona hiyo hamji kuizima?"

"Usijibizane na watu wazima!"

"Si umeuliza, mama?"

Fundi akakohoa, akamgeukia binti yake. "Na ile ngumi ya darasani? Uliitoa wapi kama si humu?"

Kibiriti akamtazama baba yake. Akautazama mkono wake wenye alama. Watu wote ghafla wakaona dari ni nzuri mno, wakaitazama. Ikabaki feni peke yake inakohoa.

Mjomba ndiye aliyeshindwa na kile kimya. "Lete hicho kidude! Nitawaonyesha sumu yenyewe. Fundi, kaa hapa, cheza na mimi."

Aliishika pedi kama anashika paja la mbuzi. Fundi, mwenye vidole vya kutunga uzi kwenye sindano bila kutazama, alimwangusha hata hajajua yeye ni yupi kwenye skrini.

"Amenipiga kwa nyuma! Huna haya?"

"Vita haina mbele wala nyuma, mzee."

"Rudia!"

Wakarudia. Wakarudia tena. Friji ikasahaulika, malezi yakasahaulika, aproni ikavuliwa. Mama wa duka la dawa, aliyekuja na dawa ya ubongo mkavu, akawa anapiga kelele, "Ruka! Ruka, Mjomba, yuko kulia!"

Hatimaye Mjomba akabahatisha. Mtu wa Fundi akaanguka chini kwenye skrini. Na Mjomba badala ya kuweka pedi mapajani, akaendelea. "Kufa! Kufa tena! Kufa na ukoo wako!"

Refa alikuwa na filimbi mdomoni. Hakupuliza. Fikiria wewe, mwenye ufunguo wa chumba ndiye mkosaji, utapuliza?

"Huo si uungwana," Fundi akasema. "Umekuwa kama mizani yako!"

Wee! Mizani ya mtu haitajwi mbele ya watu. Mjomba akainuka, akamkamata Fundi shingoni. Kochi likavunjika mguu. Pini zilizokuwa kwenye kola ya Fundi zikatapakaa, na Fundi mwenyewe akaporomoka sakafuni, sasa kweli, bila skrini. Akajikinga uso kwa mikono yote miwili. Mjomba akanyanyua ngumi, ngumi ya mtu anayepasua mifupa kila siku. Mama wa duka la dawa alikuwa amepanda juu ya kochi la pili, simu mkononi, anarekodi, eti kwa ajili ya usalama.

Refa akapuliza.

Akapuliza mpaka mashavu yakauma. Na vijana, kwa mazoea tu, hata bila kufikiri, wakapaza sauti wote pamoja:

"ALIYEANGUKA HAPIGWI!"

Ngumi ikasimama hewani. Mjomba akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Mjomba," Refa akasema. Akanyoosha kidole kwenye kona. "Ufagio ule pale."

"Unajua unaongea na nani wewe?"

"Najua. Ndiyo maana nimesema Mjomba. Mwingine ningemtaja kwa jina lake."

Mmoja akacheka puani, akajiziba mdomo. Kibiriti akainuka, akaenda kumpa baba yake mkono ili anyanyuke, kama wanavyofanya mle kila siku. Fundi aliushika ule mkono, akaiona alama kwa karibu, na ikamchukua muda kusimama.

Mjomba akashusha ngumi. Akavuta pumzi kama ng'ombe. Akachukua ufagio.

Wateja nje hawakuamini. "Mjomba, umeajiriwa?" mmoja akauliza.

"Nimepewa kadi nyekundu," akajibu, akamsukuma paka kwa ufagio. Paka akamdharau hata yeye.

Chumba hakikufungwa! Friji imewekwa sebuleni kwa Mjomba, na mkewe ananung'unika kwamba wageni wanakaa wakitazamana na friji. Video ya mama wa duka la dawa imefika kwenye kila simu, na angalau safari hii wanaosikika wanajulikana. Fundi hajanunua rula nyingine. Anasema siku hizi anapimia kwa utepe, na utepe, ukijaribu kumchapa nao mtu, utachekwa.

Mjomba akifunga bucha anapitia mlango wa nyuma, anakaa kwenye kochi lenye mguu wa tofali, anadai zamu yake. Ubongo bado haujamkauka. Ila filimbi inamlilia kuliko mtu yeyote, na bucha, niamini, sasa linang'aa.

Ukimaliza kusoma, mtumie na mwenzako asome.